Dalali Aliye Ndani ya Kompyuta

Wiki hii naomba tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu tunalitumia kila siku bila kulijua hata kwa jina. Ukishuka pale Magomeni Mapipa na kuifuata Barabara ya Morogoro, huendi mbali kabla ya kukuta kibanda cha steshenari: fotokopi, kuchapa barua, picha za pasipoti, kutoa karatasi kutoka kwenye simu. Atakuja mtu na flashi mfukoni, na ndani yake barua ya maombi ya kazi aliyoiandika kwenye kompyuta ya mjomba wake Kigogo. Kompyuta ya mjomba inaendeshwa na Windows. Ya kibandani inaendeshwa na Linux, kwa kuwa mwenye duka amechoshwa na virusi vinavyoletwa na flashi za wateja. Lakini kwenye mashine zote mbili kuna programu ile ile ya kuandikia, LibreOffice, na barua inafunguka, aya zake zimekaa pale pale, jina la mwombaji liko juu kulia kama alivyoliacha. Mteja analipa, anaondoka, na hakuna anayeona kwamba kuna maajabu yametendeka.

Maajabu yenyewe ni haya. Kompyuta haiongei na programu moja kwa moja. Katikati kuna kitu tunachokiita mfumo endeshi: Windows, Linux, au ule wa mashine za Macintosh. Mfumo endeshi ndio wenye funguo za nyumba. Programu ikitaka kuchora dirisha kwenye kioo, kupokea herufi iliyobonyezwa, kutoa sauti, au kuweka faili kwenye diski, lazima imwombe mwenye funguo. Na kila mwenye funguo ana lugha yake na adabu zake. Ombi linalopokelewa vizuri kwa Windows, kwa Linux ni kelele tu. Ndiyo maana kwa miaka mingi programu iliyoandikwa kwa ajili ya mashine moja ilikuwa mfungwa wa mashine ile.

Sasa wewe uliyewahi kununua vitu Kariakoo kwa jumla utanielewa haraka. Mtu anatoka Sumbawanga na orodha yake: doti mia mbili za khanga, sufuria, betri. Hawajui wenye maduka, hajui nani anakopesha na nani anataka taslimu, hajui mtaa upi una mali gani. Anamtafuta dalali. Anampa orodha moja kwa lugha moja, na dalali ndiye anayezunguka, huku akisalimia kwa namna hii na kule kwa namna nyingine. Ndani ya kompyuta dalali huyo yupo, na wataalamu wanamwita maktaba. Jina hilo si zuri sana kwa masikio yetu, kwani maktaba kwetu ni mahali pa kukaa kimya na kusoma. Lakini ndilo linalotumika: ni mkusanyiko wa kazi zilizokwisha andikwa, ambazo mwandishi wa programu anaziazima badala ya kuziandika upya. Mwandishi anasema "chora kibonye", na maktaba inajua jinsi ya kukiomba kibonye hicho kwa Windows, kwa Linux na kwa Macintosh.

Tanzania ilikutana na tatizo la programu kufungwa kwenye mashine kabla wengi wetu hatujazaliwa. Kompyuta ya kwanza hapa nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ICT 1500, na ingawa ilibeba jina la kampuni ya Kiingereza, kwa kweli ilikuwa mashine ya Wamarekani, RCA 301, iliyobandikwa jina jingine. Baadaye ikaja familia nyingine kabisa, ICL 1900, ambayo asili yake ni muundo uliotoka Kanada. Jina la biashara lilifanana, ukoo haukufanana. Maagizo yaliyoandikwa kwa undani wa mashine ya kwanza hayakuwa na maana yoyote kwa ya pili. Kubadilisha kompyuta katika zama zile hakukuwa kama kubadilisha gari, ambapo dereva anakaa kwenye usukani mwingine na kuendelea na safari. Kulikuwa kama kubadilisha gari kisha kulazimika kujenga upya na barabara.

Dunia ilikuwa imekwisha liona tatizo hili. Mwaka 1959 wataalamu wa Marekani, kwa msukumo wa jeshi lao lililokuwa na kompyuta za kila kampuni, walikaa kutengeneza lugha moja ya kuandikia programu za hesabu na biashara, wakaiita COBOL. Desemba 1960 programu ile ile ya COBOL iliendeshwa kwenye mashine mbili za makampuni yaliyokuwa yakishindana, RCA 501 na UNIVAC II, kwa marekebisho madogo tu. Kwa wakati huo hilo lilikuwa jambo kubwa. Hata hivyo COBOL ilisaidia upande wa hesabu. Haikugusa kioo, vibonye wala picha, kwa sababu vitu hivyo havikuwa bado vya kawaida kwenye kompyuta.

Mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na seti za televisheni. Walioandika historia ya kompyuta Tanzania wanaihusisha marufuku hiyo na matatizo ya kompyuta za Hazina na uhaba wa fedha za kigeni. Siku hizi ni rahisi kuwacheka wazee wale. Mimi siwacheki. Nchi changa ilinunua mashine ghali, ikategemea wataalamu wa kigeni, na kila ilipobadilishiwa mashine ilijikuta inaanza moja. Dawa waliyoichagua ilikuwa kali mno, nakubali, lakini ugonjwa waliouona ulikuwa wa kweli. Mlango ulipoanza kulegezwa katika miaka ya 1980, kompyuta ndogo ziliingia kwa njia ya miradi ya wafadhili, kila mradi na mashine zake na programu zake, na mradi ukiisha, elimu na takwimu zake zilibaki kwenye kabati pamoja na mashine.

Huko Ulaya wakati huo huo vijana walikuwa wanahangaika na jambo hilo hilo kwa sura nyingine. Mwaka 1990 huko Trondheim, Norway, Haavard Nord na Eirik Chambe-Eng walikuwa wanaandika programu ya kuhifadhi picha za ultrasaundi, na wakatakiwa ifanye kazi kwenye Unix, Macintosh na Windows. Kutokana na adha hiyo ikazaliwa maktaba inayoitwa Qt. Mwaka 1992 katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, Julian Smart alihitaji programu yake iende kwenye kompyuta kubwa za Sun na pia kwenye kompyuta ndogo za kawaida. Maktaba za kununua zilikuwa na bei iliyozidi uwezo wake, akaamua kuandika yake. Akaiita wxWindows: herufi w kwa Windows, x kwa mfumo wa madirisha wa Unix unaoitwa X. Mwaka 2004 ikabadilishwa jina kuwa wxWidgets baada ya Microsoft kutoridhika na neno Windows kutumiwa na mwingine.

Unaweza kuuliza, kijana wa Edinburgh anatuhusu nini sisi? Mimi ananihusu sana, kwa sababu nakula kwa mkono wake. Tulioingia redioni mwanzoni mwa miaka ya 2000 tuliwakuta wakubwa zetu bado wanakata mkanda kwa wembe na kuunga kwa gundi. Kisha zikaja kompyuta. Kituo kimoja nilichofanyia kazi, ambacho sitakitaja, kilinunua programu ya kuhariri sauti kwa fedha nyingi, nayo ilikwenda na aina moja tu ya mfumo endeshi na kadi moja tu ya sauti. Baada ya miaka michache kompyuta zilichoka, zikaletwa mpya, na ile programu ikagoma. Kazi zetu zilikuwa zimehifadhiwa kwa mtindo ambao ni programu ile tu iliyoujua. Mahojiano ya wazee wa mji huu, baadhi yao sasa ni marehemu, yamo kwenye diski ambazo hakuna awezaye kuzifungua. Nikilikumbuka hilo bado linaniuma.

Tulichokimbilia baada ya hapo, sisi na redio nyingi ndogo za mikoani, ni programu inayoitwa Audacity. Ilianza mwaka 1999 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Pittsburgh, Marekani, kwa mikono ya Dominic Mazzoni na mwalimu wake Roger Dannenberg, na ikatolewa kwa umma Mei 2000, bure na pamoja na msimbo wake. Madirisha na vibonye vyake vilijengwa juu ya maktaba ile ya Julian Smart. Kwa sauti ikaazima maktaba nyingine, PortAudio, ambayo kazi yake ni kujua kila mfumo endeshi unapenda kuombwaje sauti. Hivyo mwandishi wa habari anaweza kuhariri mahojiano kwenye laptopu yake ya Windows nyumbani Magomeni Mikumi, akayamalizia kwenye Macintosh ya studio, na fundi mitambo akayafungua kwenye Linux. Programu hiyo imekwisha badilisha wenyewe tangu hapo. Mwaka 2021 ilichukuliwa na Muse Group, na kizazi chake kipya kinahamishiwa kwenye Qt ya wale vijana wa Norway. Lakini mafaili yetu bado yanafunguka.

Nije sasa kwenye kisa ambacho ndicho hasa kilichonifanya nichague mada hii, maana kinaugusa mji wetu na lugha yetu.

Mwaka 1985 kijana wa shule huko Lüneburg, Ujerumani, jina lake Marco Börries, alifungua kampuni akaiita Star Division. Kampuni hiyo ilitengeneza programu za ofisi: ya kuandika barua, ya hesabu za majedwali, na nyinginezo, zikaja kuitwa StarOffice. Soko la Ujerumani la wakati ule lilikuwa na kila aina ya mfumo: Windows, OS/2 ya IBM, Macintosh, Unix. Kuandika programu nne kwa kila kazi kungewafilisi. Wakaandika maktaba, StarView, na StarOffice yote ikajengwa juu yake. Maktaba hiyo baadaye ilirithiwa na nyingine inayoitwa VCL. Agosti 1999 kampuni ya Sun Microsystems ya California iliinunua Star Division kwa dola milioni 73.5. Wenyewe wa Sun walikuwa wakisema kwamba kuinunua kampuni nzima kulikuwa nafuu kuliko kuwalipia wafanyakazi wao wote leseni za Microsoft Office. Sijui kama walikuwa wanatania. Oktoba 2000 Sun iliutoa msimbo wake hadharani, mtu yeyote ausome, aubadilishe na kuugawa. Ndipo OpenOffice ilipozaliwa, na toleo lake la kwanza kamili likatoka mwaka 2002.

Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, wataalamu wa Idara ya Sayansi ya Kompyuta walishirikiana na kampuni ndogo ya Sweden, IT+46, wakaanzisha mradi walioupa jina Kilinux. Shabaha ilikuwa kuipata programu ya ofisi kwa Kiswahili. Mwaka 2004 wakaitoa: Jambo OpenOffice. (Jina hilo nililipokea kwa kicheko kidogo, kwani hapa mjini "jambo" ni salamu tunayowaachia watalii, lakini mtoto akishapewa jina, tunamwita kwa jina lake.) Nilikuwa mwandishi mchanga wakati huo, na nakumbuka jinsi wengi walivyoichukulia kama habari ya kufurahisha tu, ya kufungia taarifa.

Ilikuwa zaidi ya hapo. Wakati ule leseni halali ya Microsoft Office ilizidi mshahara wa mwezi wa mwalimu wa shule ya msingi. Watu wengi mjini walitumia nakala za wizi zilizouzwa kwenye sidii. Kwa upande wa lugha, tungeweza kusubiri wenye mali waamue kwamba Waswahili ni soko linalostahili. Microsoft yenyewe mwaka huo huo wa 2004 ilitangaza mpango wa Kiswahili, na baadaye ikatoa kifurushi chake. Kilikuwa kifurushi cha kuvisha Windows na Office zao, basi. Ile ya Mlimani, kwa kuwa chini yake alikuwapo yule dalali wa Lüneburg, ilitafsiriwa mara moja ikafanya kazi kwenye Windows na kwenye Linux pia. Maneno ya menyu yalikuwa yamewekwa kando, kwenye mafaili yake yenyewe, hayajachanganywa na maagizo ya mfumo wowote. Mtafsiri akiandika "Hifadhi" mara moja, neno hilo linatokea kwenye kompyuta ya ofisi ya serikali yenye Windows na kwenye kompyuta chakavu ya sekondari iliyofufuliwa kwa Linux. Kama kila mfumo endeshi ungehitaji tafsiri yake, nadhani mradi ule ungeishia kwenye semina na chai ya saa nne.

Kazi yenyewe haikuwa ya kukaa na kamusi na kubadilisha neno kwa neno. Kila aliyewahi kutafsiri programu kwa Kiswahili anaujua mtego huu: waandishi wa programu wanapenda kuunga sentensi vipande vipande. Wanaandika "imefutwa" mahali pamoja, na jina la kitu kilichofutwa linachomekwa baadaye na kompyuta. Kwa Kiingereza hakuna shida. Kwa Kiswahili picha imefutwa, lakini faili limefutwa, kitabu kimefutwa, ukurasa umefutwa, na ukiwa nao wengi, zote zinabadilika tena. Kompyuta haijui ngeli. Mtafsiri analazimika kuizunguka sentensi, aandike kitu kama "kufuta kumekamilika", ambacho ni sahihi lakini hakuna mtu anayeongea hivyo sokoni. Tena vibonye vya OpenOffice ya wakati ule vilikuwa vimepimwa upana mapema, na neno la Kiswahili likizidi upana huo linakatwa mkia. Kwa hiyo wakati mwingine neno zuri lilishindwa na neno fupi. Maktaba ikikubeba, inakubeba na mipaka yake pia.

Wapo waliosema, na hata leo wapo, kwamba kazi ile ilikuwa ya bure kwa sababu vijana wamejifunza kompyuta kwa Kiingereza, na ukimwonyesha menyu ya Kiswahili anapotea. Ni kweli anapotea. Hata mimi mara ya kwanza nilitafuta kibonye cha kuchapa kama mtu aliyehamishiwa vyombo vya jikoni. Lakini hoja hiyo inamzungumzia aliyekwisha jifunza. Mama lishe anayetaka kuweka hesabu zake, karani wa kata aliyesoma hadi darasa la saba, hao walikuwa hawajajifunza kwa lugha yoyote. Kwangu mimi kosa halikuwa kutafsiri. Kosa lilikuwa kuacha kuisukuma baada ya sherehe za uzinduzi. Shule ziliendelea kufundisha kwa Kiingereza, wauzaji wakaendelea kuweka Windows ya Kiingereza, na wafadhili wakahamia miradi mingine.

Kuna mahali pengine ambapo somo hili lilieleweka mapema zaidi, nako ni kwenye zahanati. Kila aliyewahi kumpeleka mtoto kliniki ameviona vile vitabu vikubwa vya MTUHA, ambamo nesi huandika nani amekuja, anaumwa nini, amepewa nini. Takwimu hizo zinajumlishwa na kupelekwa juu. Chuo Kikuu cha Oslo na washirika wake wa Afrika Kusini walikuwa na programu ya kukusanyia takwimu za namna hiyo, DHIS, na Zanzibar walianza kuitumia mwaka 2005. Toleo lile la kwanza lilijengwa ndani ya Microsoft Access. Maana yake ni kwamba kila wilaya ilihitaji Windows, na Office, na ya toleo linalokubalika.

Toleo la pili, lililoanza kutoka mwaka 2006, liliandikwa upya kwa Java. Java ni bidhaa nyingine ya wale wale wa Sun, ilitolewa mwaka 1995 na James Gosling na wenzake, na yenyewe ilichukua njia ya mbali zaidi kuliko maktaba. Badala ya dalali mmoja mmoja kwa kila ombi, Java inaweka juu ya kila kompyuta mashine ya kufikirika, inayofanana kila mahali, na programu inaandikwa kwa ajili ya mashine hiyo isiyokuwapo. Ahadi yao ilikuwa: andika mara moja, endesha popote. Mafundi wakaigeuza kuwa utani: andika mara moja, tafuta makosa popote. Hata hivyo kwa DHIS ilitosha. Programu iliweza kukaa kwenye kompyuta kubwa ya Linux bila leseni, na wilaya zikaifikia kwa kivinjari cha intaneti, kiwe cha mashine yoyote. Kenya iliieneza nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania Bara ikafanya hivyo kufikia 2013, huku wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakiwa miongoni mwa walioishughulikia. Hesabu za malaria za Magomeni zikaacha kutegemea kama karani wa wilaya ana Access ya mwaka gani.

Na kwa wale ambao hawana kompyuta kabisa, historia ilipita njia ya simu. Kenya walipoanzisha M-Pesa Machi 2007, watu walikuwa na simu za kila kabila, Nokia, Motorola, Siemens, na za Kichina zisizo na jina. Kuandika programu kwa ajili ya kila moja kusingewezekana. Menyu ikawekwa ndani ya laini, kile kikadi chenyewe, ambacho kila simu ya mtindo ule inajua kukisoma. Hapa kwetu, mwaka 2008, njia iliyozoeleka ikawa ile ya nyota na reli: unabonyeza *150*00#, na menyu inakuja kutoka kwenye mtambo wa kampuni. Simu yako haiendeshi programu yoyote. Inaonyesha maandishi tu, herufi zisizozidi 182 kwa ukurasa. Ni umaskini wa kupendeza. Simu ya elfu ishirini iliyofungwa kwa raba na simu ya milioni mbili zinapata menyu ile ile, kwa Kiswahili kile kile. Siku hizi vijana wanaandika programu za simu janja kwa Flutter ya Google, ambayo toleo lake kamili la kwanza lilitoka Desemba 2018, ili zifanye kazi kwenye Android na kwenye iPhone, wakidhani wamegundua shida mpya. Shida hiyo muuzaji wa vocha pale Usalama alitatuliwa muda mrefu, kwa nyota na reli.

Nisije nikawapaka rangi madalali hawa wakaonekana malaika. Dalali wa Kariakoo anachukua chake, na maktaba nayo inachukua. Programu iliyopitia kwake huwa nzito kidogo, na mara nyingi haifanani na wenyeji: vibonye vyake vinaonekana kama mgeni aliyeazima kanzu. Pia dalali ana mwenyewe. Januari 2010 kampuni ya Oracle ilikamilisha kuinunua Sun, na OpenOffice na Java zikahamia kwa mwajiri mpya kama fenicha za ofisi. Waandishi wengi wa OpenOffice hawakumwamini. Septemba 28 mwaka huo huo walijitenga, wakaunda taasisi yao na kuichukua programu kwa jina jipya, LibreOffice. Waliweza kufanya hivyo kwa sababu moja tu: leseni ya msimbo iliwaruhusu. Ile programu ya redio niliyoisimulia, tuliyoinunua kwa fedha nyingi, isingewaruhusu.

Katika msafara ule wa 2010 kilisafiri na kitu chetu. Ukiichukua LibreOffice leo, ndani ya vifurushi vyake vya kusahihisha maandishi utakuta kuna kamusi ya tahajia ya Kiswahili, imeandikwa sw_TZ, yaani Kiswahili cha Tanzania. Haitegemei Windows wala Linux. Nimeiweka kwenye laptopu yangu, na makala hii unayoisoma nimeiandika nayo. Maneno mengi imeyakubali bila neno. "Steshenari" imelipigia mstari mwekundu, na "dalali" pia ingepigiwa kama nisingekuwa nimekwisha liongeza mwenyewe.